Mlinzi wa Kompyuta

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Emilia alikuwa na kazi moja: kuondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta. Katika nyumba yao pale Njombe, kitu chochote chenye waya kilivishwa kitambaa, kuanzia redio hadi televisheni ndogo, na mama yake, Tabea, ndiye aliyevifuma vyote. Emilia alikikung'uta uani, akafuta vumbi kwenye vibonyezo, kisha akamwita baba aje kuwasha.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani. Ilikuwa ya zile za kutumia nyumbani, ambazo vibonyezo na mtambo wake vimo katika boksi moja bapa, na picha yake huonekana kwenye televisheni. Baba yake, Mzee Agustino, aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Mwaka huo shirika la umma alilolifanyia kazi lilipunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwao. Kila kona watu walizungumzia biashara huria. Wengine waliingia kwenye mitumba, wengine kwenye mbao na viazi. Mzee Agustino aliamua kuchapa kadi za harusi na za kipaimara, na tangu hapo mashine ile ndiyo iliyowalisha.

Mzee Agustino alikuwa mtu mwema, asiyeinua mkono kwa watoto wala kumnyima jirani moto. Lakini kwa kushuku watu, hapo hakuwa na mpinzani! Akinunua sukari, aliipima tena nyumbani. Jembe lake lilikuwa na chale kwenye mpini, ndoo yake ilikuwa na tundu ukingoni, na kuku wake walitembea na vitambaa vyekundu miguuni. Aliweka alama kila kitu, ili mwizi asipate la kusema.

Likizo ya Juni ilipoanza, baridi ikiwa imewafungia watu ndani, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu mpaka balbu ya sebuleni ikapasuka. Tangu hapo kompyuta ikagoma. Mzee Agustino alibonyeza swichi, akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. Kitaa cha kijani kilichozoea kuwaka pembeni hakikuwaka.

"Itabidi iende Makambako," alisema kwa huzuni. "Kuna fundi anaitwa Halfan, anatengeneza redio na deki za wenye malori. Wanamsifu sana. Lakini fundi ni fundi tu. Ukimpa mgongo, anachomoa kizima anakuwekea kibovu."

Siku iliyofuata, mama alipokwenda shambani, Mzee Agustino alifunga mlango na kumwita Emilia. Mkononi alikuwa na bisibisi, kisu cha mezani na kichupa cha rangi ya kucha. Emilia alikitambua kichupa kile mara moja. Kilikuwa cha dada yake, Jasmine.

"Shika sahani hii, uweke skrubu," baba alisema. "Leo tunamtegea fundi."

Alifungua boksi. Ndani mlikuwa na vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama jongoo. Kimoja kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kimekaa juu ya kikalio chake. Baba alikiinua taratibu kwa ncha ya kisu, akakipaka rangi nyekundu tumboni, mahali ambapo jicho la fundi lisingefika, kisha akakikandamiza kikarudi mahali pake. Rangi ilikuwa bado mbichi.

"Hiki ndicho akili ya mashine," alinong'ona. "Akikibadilisha, tutakigeuza mbele ya polisi na hakitakuwa na alama. Hii ni siri yangu mimi na wewe. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba," Emilia alijibu. Alijisikia mkubwa kwa kupewa siri.

Jioni hiyo Jasmine alipokuta kichupa chake kimebaki nusu, alimgeukia Emilia. "Mwizi wewe! Onyesha vidole vyako!" Emilia alionyesha vidole visivyo na rangi, lakini Jasmine hakuridhika. Baba alikuwa amekaa palepale, akiangalia dari.

Kesho yake walipanda basi la asubuhi, kompyuta ikiwa mapajani mwa baba, imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Karakana ya Halfan ilikuwa karibu na maegesho ya malori, Makambako. Halfan alikuwa mtu wa Kondoa, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Pembeni mwake alikaa binti yake Zamda, wa rika la Emilia, akizungusha nyaya kwenye kijiti.

"Kamwene!" Halfan alisalimia kwa Kibena chake cha kujifunza sokoni.

"Kamwene," baba aliitikia bila kutabasamu. Emilia akaamkia shikamoo, akaitikiwa vizuri.

Halfan aliipindua kompyuta, akazitazama skrubu. "Mzee, kuna mtu aliyeifungua kabla ya kuileta? Naona mikwaruzo mipya hapa."

"Nani aifungue?" baba alijibu haraka. "Haijaguswa na mtu."

Emilia alishtuka. Hakuwahi kumsikia baba yake akisema uongo mchana kweupe namna ile. Aliinamisha macho, akatazama viatu vyake.

Baba alikuwa na safari ya kutafuta karatasi madukani. Kabla ya kuondoka alimvuta Emilia kando, akamwambia kwa Kibena cha ndani, ambacho Halfan asingekielewa: "Macho yako yasitoke kwenye mikono yake. Wakikukaribisha chai, usinywe. Chai ndiyo inayowasahaulisha watu."

Hivyo Emilia akawa mlinzi. Alikaa kwenye stuli, shingo ameinyoosha. Halfan akivuta droo, yeye anainuka. Halfan akiingiza mkono mfukoni, yeye anakohoa. Mwishowe fundi mwenyewe alicheka.

"Binti, sogea upande huu wa meza, utaona vizuri bila kuvunja shingo," alisema.

Emilia aliona aibu, lakini alisogea. Halfan alianza na boksi dogo la umeme walilolileta pamoja na kompyuta, lile linalopokea umeme wa ukutani. Alilifungua, akaweka skrubu zake kwenye kizibo cha soda. Ndani alikuta fyuzi iliyoungua na kapasita iliyovimba, kidude chenye umbo la kopo. Aliviondoa akaviweka kwenye kiganja cha Emilia.

"Hivi ni vibovu. Vishike wewe. Baba akirudi mwonyeshe, aone nilichotoa na nilichoweka. Kwangu mteja huondoka na vibovu vyake."

Emilia alifumba kiganja. Mtu anayetaka kuiba anarudishaje mpaka takataka? Au ndiyo ujanja wenyewe? Kichwa kilimzunguka. Zamda alimletea chai ya tangawizi na kitumbua, naye akakataa kwa kutikisa kichwa, ingawa harufu ilimtoa mate.

"Unadhani tumeitia nini?" Zamda aliuliza, akaondoka na kikombe chake. Alikuwa ameumia.

Halfan alipomaliza aliwasha. Kitaa cha kijani kikawaka! Emilia aliruka kwa furaha. Lakini kioo cha televisheni ya karakana, alikoiunganisha, kilibaki cheusi. Halfan alizima, akawasha tena. Bado giza.

"Ajabu," alisema. Alifungua kompyuta yenyewe, akagusa hapa na pale kwa vijiti vya mita yake. Alikagua nyaya moja moja. Muda ulipita na jasho likamtoka katika baridi ile ile ya Juni. Kisha akamgeukia Emilia.

"Binti, nikuulize na wewe. Hakuna aliyeingiza kitu humu ndani? Kama haijaguswa, basi ugonjwa uko kwingine, nami natafuta kwingine. Nataka kujua tu."

Emilia alikumbuka ile sahani ya skrubu. Akakumbuka pia neno la baba: siri yangu mimi na wewe.

"Hakuna, fundi," alisema.

Baadaye Halfan alichukua kitu kilichokunjwa kwenye kitambaa, akaenda nacho nyuma ya pazia. Ndicho hicho! Anakificha! Alinyata, akafunua pazia kidogo. Halfan alikuwa amevaa kofia iliyotoka kwenye kile kitambaa, anasali adhuhuri. Emilia alirudi kwenye stuli akiwa na uso wa moto.

Baba aliporudi, alitazama kitaa cha kijani, akatazama kioo cheusi, akatikisa kichwa kama mtu aliyelijua jambo siku nyingi.

"Umeiwasha taa ili nione umefanya kazi," alisema. "Akili yake iko wapi?"

"Mzee, akili yake iko mahali pake. Sijabadilisha chochote ndani ya kompyuta. Nipe siku ya kesho."

"Kesho ili umalize kuchomoa? Ilikuja ikiwa na ugonjwa mmoja, sasa ina miwili!" Sauti ya baba ilipanda. Madereva wakaacha kula, utingo wakasogea, mama muuza ndizi akasimama na ungo wake kichwani. "Twende kituoni, fundi. Huko tutaonyeshana nani mwizi."

"Mzee Agustino," Halfan alisema kwa sauti ndogo, "mimi hapa ni mtu wa kuja. Watu wananiletea vyombo vyao kwa sababu ya jina langu tu. Wakiniona napelekwa kituoni, hata nikirudi bila kosa, nani ataniachia redio yake tena?"

"Ungelifikiria hilo mapema," baba alijibu.

Zamda alikuwa ameshika ukingo wa meza, machozi yanamtiririka kimya. Emilia alimwona. Alifungua kiganja akatazama fyuzi na kapasita, ambavyo vilikuwa vimeshapata joto la mkono wake. Ilikuwa kazi yake kuilinda mikono ya Halfan, na alikuwa ameilinda kweli. Mikono ile haikuiba kitu. Yeye peke yake ndiye aliyelijua hilo, na alikuwa amenyamaza.

"Baba, tulifungua sisi," alisema.

Watu wote wakamgeukia Emilia.

"Nyamaza, Emilia!"

"Tulifungua sisi, Baba. Tulipaka rangi ya kucha ya dada Jasmine, ili fundi asibadilishe. Fundi, nilikudanganya. Nisamehe." Alinyoosha kidole kwenye kile kidude kikubwa cheusi. "Ni hapa, kwa chini."

Halfan alichukua kibano, akakiinua kidude taratibu na kukigeuza. Watu wote wakainama kutazama. Alama nyekundu ilikuwepo tumboni, kama ilivyowekwa. Lakini rangi haikukaa tumboni peke yake. Ilikuwa imechuruzika ikiwa mbichi, ikaifunika miguu ya upande mmoja mzima, ikakaukia humo.

"Zamda," Halfan aliita, "kimbia kwa mama, mwambie akupe dawa ya kufutia rangi ya kucha."

Zamda alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akakimbia. Mama yake, Mwanaheri, hakukosa dawa hiyo, kwa maana alipenda rangi, na kabla ya kutawadha ilimbidi aifute. Zamda alirudi na kichupa na pamba, akamweleza Emilia huku akihema: "Ukiwa na rangi, maji ya udhu hayafiki ukuchani. Yanaishia juu."

"Na umeme nao umeishia juu," Halfan alisema. "Haukufika miguuni. Ningetafuta mpaka wiki iishe nisione, kwa kuwa niliambiwa haijaguswa."

Alifuta mguu mmoja baada ya mwingine, akasafisha na kikalio kwa mswaki wa zamani. Pamba ilitoka nyekundu. Alikirudisha kidude, akawasha. Kioo kilibaki cheusi kwa muda kidogo, kisha kikawa cha buluu, na maandishi meupe yakajipanga juu. Chini yake kimraba kidogo kikaanza kuwaka na kuzimika, kikisubiri kazi.

Utingo walishangilia. Mzee Agustino alivua kofia yake. Angeweza kulipa akaondoka, lakini aliwageukia watu wale wale aliowakusanya kwa makelele yake.

"Nimemwita huyu mwizi mbele yenu," alisema, "basi mbele yenu nasema nimekosa. Fundi aliniuliza, nikamdanganya. Mashine niliiharibu mwenyewe, kwa kuogopa kuibiwa. Fundi Halfan, naomba unisamehe."

Halfan alimpa mkono. "Yamekwisha, Mzee. Lakini siku nyingine, ukimpelekea mtu kazi, usimfiche ulichokifanya. Hata mgonjwa akienda hospitali, akamficha daktari dawa aliyokunywa nyumbani, daktari atamtibu vipi?"

Zamda akaleta chai tena. Safari hii Emilia aliipokea kwa mikono miwili, akala na vitumbua viwili.

Ndani ya basi la kurudi, walipoviacha vibanda vya mwisho vya Makambako, baba alisema, "Nilikuweka umlinde fundi. Kumbe wa kulindwa nilikuwa mimi, nisimtendee mtu ubaya. Nilikufundisha kuficha, mwanangu, na wewe ukanifundisha kusema. Anayemwona kila mtu mwizi, ipo siku atamfunga mtu asiye na hatia. Usirithi tabia hiyo kwangu."

"Sitairithi, Baba," Emilia alisema.

Nyumbani walimkuta Jasmine amekunja uso. Hakuwa amemsemesha Emilia tangu jana. Mzee Agustino aliweka kompyuta mezani, akasimama mbele ya binti yake mkubwa, akakohoa kidogo.

"Jasmine," alisema, "mwombe mdogo wako radhi. Rangi yako niliiba mimi."