Memori za Mama Patasi

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la magodoro hakikuwa na dirisha. Kufuli alikaa juu ya furushi la sponji, chaki mkononi, akichora kwenye sakafu ya saruji. Geti. Ngazi. Korido. Mlango wa mwisho kushoto.

"Rudia," alimwambia Fundi. "Ndani kuna nini?"

Fundi alirudia. Kompyuta moja, pana kama friji ndogo. Ndani yake vijiti vya memori, vyembamba kama rula ya mwanafunzi. Nafasi zote zimejaa. Alizijaza yeye mwenyewe. Kwa bei ya siku hizi vijiti hivyo vinanunua gari, na vinaenea kwenye mfuko wa koti. Sokoni hakuna anayeuliza vimetoka wapi.

Mpango ulikuwa mwepesi. Wataingia na ovaroli, kama mafundi. Watachomoa vile vikubwa na kupachika vidogo, vya bei ya kutupa. Mashine itawaka kama kawaida, ila itakokota. Mwenyewe atadhani imeugua. Atampigia fundi wake simu. Fundi wake ni huyu huyu.

"Na mama mwenyewe?" Kufuli aliuliza.

"Kila Alhamisi mchana, kama leo, yuko hospitali. Kifua."

Kufuli alitabasamu. "Kifua chake, riziki yetu."

Shemeji hakutabasamu. Alikuwa ameegemea mlango, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Alikuwa mdogo wa mke wa Fundi, dereva wa kukodiwa, mtu wa maneno machache. Fundi ndiye aliyemwingiza. Alimwambia kazi yake ni kukaa kwenye usukani na kusubiri, basi.

Hata Kufuli aliletwa na mdomo wa Fundi. Ulimi hauna mfupa. Siku moja kwa kinyozi, povu likiwa kidevuni, Fundi alijisifu mbele ya wateja kwamba amefunga mashine ambayo mji mzima hauna. Akaeleza yote. Mama Patasi alikuwa mchonga mawe hodari mpaka vumbi likamla mapafu na daktari akampiga marufuku. Ndipo akaanza kuchonga hewani. Anavaa miwani mizito inayofunika macho yote, anashika vishikio viwili, na mbele yake linatokea jiwe lisilo na vumbi.

Mashine ya kwanza ilimshinda. Sanamu ya kompyuta imeshonwa kwa vijipembetatu, vidogo kuliko punje ya ulezi. Ukitaka kunyanzi la jicho, unataka mamilioni yake. Yote lazima yakae kwenye memori kwa wakati mmoja, tena picha ichorwe mara mbili, kila jicho na yake. Memori ikiwa haba, picha inachelewa nyuma ya kichwa, na kichwa kinazunguka. Mama Patasi alikuwa akitapikia ndoo, na nyuso alizochonga zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika.

Na nyuso hizo hazikuwa za mchezo. Mgodi ulikuwa umewafukia vijana wa watu, na miili haikutolewa. Familia zilimwomba awachonge, kila mmoja kwa sura yake, zipate cha kutazama. Fundi ndiye aliyewaambia wanunue memori, wajaze kila nafasi. Diski ya zamani, ile ya kuhifadhia kazi, alisema itavumilia. Wakachanga. Wajane na wazazi wakachanga.

Mteja wa kiti cha pili pale kwa kinyozi alikuwa Kufuli.

Saa sita na nusu.

Shemeji aliegesha gari nje ya ukuta, mita chache kutoka getini. Mlinzi alimtambua Fundi, akamsalimia kwa heshima na kumfungulia. Ile salamu ilimchoma Fundi kuliko kama angetukanwa.

"Mama ameondolewa mbio leo," mlinzi alisema. "Kifua kilimbana ghafla. Binamu yake akamkimbiza hospitali."

Fundi alisema pole. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. Alipanda ngazi, Kufuli nyuma yake na mkoba wa vifaa, akafungua mlango kwa ufunguo aliopewa na Mama Patasi kwa mkono wake.

Alijua kuna tatizo kabla hajawasha taa. Mashine ilikuwa inanguruma.

Siku zote Mama Patasi alihifadhi kazi yake, akazima, ndipo akaondoka. Leo hakupata nafasi. Miwani ilikuwa sakafuni. Kwenye kiti cha mgeni palibaki mtandio wa mwanamke na glasi ya maji iliyonywewa nusu. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na uso wa kijana, na pembeni alama nyekundu: kazi haijahifadhiwa.

Fundi aliokota miwani, akaivaa. Hakujua kwa nini.

Kijana alisimama mbele yake, mkubwa kama ukuta. Kovu lilikata nyusi ya kushoto. Jino moja la mbele lilikuwa limepanda juu ya jingine. Fundi alimfahamu kwa kusimuliwa: huyu ndiye yule asiye na picha hata moja. Mama yake alikuwa akija kukaa kwenye kile kiti na kumwelekeza Mama Patasi kwa mdomo, hapana, pua ishushe, hapo, hapo hapo. Asubuhi nzima ya leo ilikuwa ndani ya vijiti vile. Memori haishiki kitu umeme ukikatika.

"Vua hiyo," Kufuli alisema. "Chomoa twende."

Fundi alivua. Mkono wake ukagusa kipanya, ukabonyeza kuhifadhi. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Polepole. Diski ya zamani.

"Unafanya nini?"

"Nazima kwa utaratibu. Ukivichomoa vikiwa na moto vinaungua. Hutauza hata kimoja."

Kufuli aliangalia saa yake, akasubiri. Alikuwa mwizi wa vitasa na makufuli. Mambo ya kompyuta aliyachukua kama alivyoambiwa. Fundi alifungua ubavu wa mashine taratibu, skrubu moja baada ya nyingine, na hakuinua macho.

Saa saba kasorobo.

Simu ya Fundi ilitetemeka. Shemeji alisema mlinzi ametoka nje na anaitazama namba ya gari. Kufuli akaguna. Shemeji alipiga tena. Mlinzi alikuwa anaongea kwa simu. Shemeji aliuliza, niwashe gari? Fundi akamjibu, subiri kidogo.

Mstari ulikuwa umevuka nusu.

Kufuli alikuja karibu na kioo. Alisoma, midomo ikicheza. "Inahifadhi," alisema. "Unahifadhi nini?"

Fundi aliinamia skrubu ya mwisho.

"Watu wako nje wanatushika, wewe unahifadhi sanamu?"

Alinyoosha mkono kwenye waya wa umeme. Fundi alijitupa chini, akaifunika soketi kwa viganja viwili. Kufuli hakupoteza maneno. Alishusha kisigino cha buti. Mara ya kwanza vidole vililia kama vijiti vikavu. Mara ya pili Fundi hakusikia kitu ila joto. Hakuachia.

Mstari ulijaa. Alama nyekundu ikatoweka.

Kufuli aling'oa vijiti mashine ikiwa inawaka, akajaza mfuko, akampiga Fundi teke la mbavu na kutokea dirisha la nyuma. Ukuta wa ua ulipita karibu chini yake. Hakuonekana tena.

Fundi alijikokota hadi dirisha la mbele. Shemeji angeweza kuondoka; barabara ilikuwa wazi. Hakuondoka. Aliambiwa asubiri kidogo, akasubiri, mpaka watu walioitwa na mlinzi wakamzingira, wakamtoa kwa ukosi.

Saa kumi jioni.

Kituoni, mkono wa Fundi ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Mlinzi alikuwa ameshatoa maelezo: fundi alikutwa chini ya dirisha, damu imetapakaa mpaka kwenye soketi. Alilazimishwa, kila mtu alisema. Aliipigania mashine ya watu. Mama Patasi alitoka hospitali moja kwa moja, akihema, akaketi kando yake na kulishika bega lake.

Wakamleta Shemeji. Mdomo ulikuwa umevimba.

"Unamfahamu huyu?" mpelelezi aliuliza.

Fundi alimtazama. Maneno yalikuwepo, yote, yamejipanga. Mimi ndiye niliyemleta.

"Ni mdogo wa mke wangu," alisema. "Sikujua kama amefikia huko."

Shemeji aliangalia sakafu.

"Ni kweli," alisema. "Hakujua. Ufunguo niliuiba kwa dada, nikautolea nakala. Tukamteka."

Mpelelezi aliandika. Wakamrudisha mahabusu, naye hakugeuka nyuma.

Mama Patasi aliuchukua mkono wa Fundi uliofungwa, akauweka mapajani mwake kama mtoto mchanga. "Usijilaumu, mwanangu," alisema. "Ndugu hachaguliwi." Akamwambia amepigiwa simu: diski imefunguliwa kwenye mashine nyingine, na sura ya yule kijana imeonekana yote, mpaka kovu. Familia zimeanza kuchangishana upya, na mkono ukipona, ni yeye watakayemwita kufunga memori nyingine. Hawamwamini mwingine.

"Nitakuja, mama," Fundi alisema.

Nje, simu yake iliita. Alikuwa mke wake, anauliza kama amemwona mdogo wake, maana chakula kinapoa na hapokei simu.