Ngoma Yenye Midomo Miwili

Kila Jumamosi Kahambu alifika kanisani mapema na ufagio wake wa njiti, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Bwera. Kwao, msichana aliyeacha uwanja mchafu mbele ya mgeni alimtia mama yake aibu. Na leo mgeni alikuwepo.

Alikuwa Anti Phionah, fundi kutoka mjini Kasese, aliyekuja kupima ngoma kuu. Ngoma hiyo ilichongwa kwa gogo moja, ndefu kumpita mtu mzima, nayo ililazwa katika banda kando ya kanisa. Mchwa walikuwa wameila. Mchana ingebebwa kwenda kutibiwa, na katekista Enoka aliogopa kwamba ikiinuliwa ingepasuka. Vipimo ndivyo vingewawezesha wachongaji kutengeneza nyingine yenye sauti ileile.

Phionah alisimamisha mashine yake ya kupimia juu ya miguu mitatu. Ikazunguka polepole, ikivuma kama nyuki. Akaihamishia nyuma, ubavuni, kisha mbele ya mdomo wa ngoma, kwa maana kutoka mahali pamoja haikuweza kuona pande zote. Kuizunguka ngoma aliweka mipira myeupe juu ya vigoda. "Mipira hii huiambia mashine imesimama wapi," alisema. Kabla ya kuipeleka mashine mahali pa mwisho, akaenda kunywa chai.

Kahambu aliona majani makavu chini ya kigoda kimoja. Akakisogeza, akafagia, akakirudisha palepale. Au karibu na palepale.

Phionah aliporudi alimaliza kupima, akafungua kompyuta. Uso ukambadilika. Ngoma kwenye skrini ilikuwa na midomo miwili, mmoja umepanda bega la mwenzake.

"Iko na pacha!" alicheka Ephraïm, mtoto wa jirani. "Kahambu, ona, ngoma imezaa!"

Enoka hakucheka. Lori lilikuwa limeshafika, na wabebaji walikuwa wakikunja mikono ya mashati.

"Nimekosea mimi," Phionah alisema kwa sauti ndogo. "Na muda wa kuanza upya hatuna."

Kahambu alikitazama kile kigoda alichokisogeza. Hakuna aliyemshuku. Angenyamaza tu, yangeisha. Lakini Anti alikuwa akibeba kosa lisilo lake, na ngoma ingeondoka bila vipimo.

"Anti," alisema, macho chini. "Hukukosea. Nilisogeza kigoda cha mlangoni, nifagie."

"We mutoto!" Enoka alifoka.

Phionah aliinua mkono. "Ngoja, katekista. Kahambu, uligusa kingine?"

"Hapana, Anti. Hicho tu."

Phionah aliigeukia kompyuta. "Basi mashine iusahau mpira huo. Ifuate iliyobaki."

Akabonyeza. Vitone vilivyoichora ngoma kwenye skrini vikatikisika kama mvua iliyopigwa na upepo. Midomo miwili ikasogeleana, ikawa mmoja. Ngoma ikaelea katika giza la skrini, nzima. Phionah akaigeuza kwa kidole, akawaingiza ndani yake. Humo ukutani zilionekana alama za shoka, pigo baada ya pigo, za watu waliokufa kabla Kahambu hajazaliwa.

Enoka alivua kofia. "Mungu wangu. Miaka yote ninaipiga, tumbo lake sijawahi kuliona."

"Siku nyingine uliza kabla ya kugusa," Phionah alimwambia Kahambu, mkono begani mwake. "Lakini ungenyamaza, nisingejua niuache mpira upi. Kosa likisemwa mapema, watu hupata pa kuanzia kulirekebisha. Leo nimepima kwa mashine, na nimepima kwa neno lako."

Kisha akawaita wabebaji waingie.