Mpangaji wa Kituo cha Mwisho

Anwani mpya ilijibu kabla haijapewa mtu.

Bi Waya alikuwa ofisini mchana wa jua kali, peke yake na feni mbovu, akihamisha ruta, yaani vifaa vya mtandao vya vituo vya kusukuma maji, kutoka namba za anwani za zamani kwenda mpya. Vituo vilikuwa mbali, na ruta ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuamuru pampu na milango. Ukikosea umejifungia nje. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake: anaipa ruta anwani mpya bila kuiondoa ya zamani, anaingia kwa ile mpya, na akishahakikisha amefika ndipo anafuta ya zamani. Tena kabla ya yote anaiagiza ruta ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi, ili akipotea njiani isahau mabadiliko na irudi kama ilivyokuwa.

Vituo vingine vilihama bila matata. Kilibaki cha mwisho, kilichochimbwa chini ya ardhi, ambako mdogo wake alikuwa mlinzi. Akaijaribu anwani mpya kuona kama kuna anayeitumia. Ikajibu. Akajaribu tena. Ikajibu upesi zaidi, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akisubiri hodi.

Akampigia simu mdogo wake. Watu walimwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kufunga mdomo.

"Kuna mashine nyingine huko?"

"Dada, huku tupo mimi na panya, na panya mwenyewe ameomba uhamisho." Akacheka. "Ila chumba cha pampu kinanuka. Kama nywele zinazoungua. Hebu nichungulie."

"Usiingie kwanza."

Alikuwa ameshaingia. Kwenye simu ukasikika mlango wa chuma ukijifunga nyuma yake. Ulikuwa mlango unaofunguliwa kwa kadi, na kadi hizo zilisomwa kupitia ruta ileile.

Bi Waya akaiagiza ruta ijiwashe upya baada ya zile dakika kumi, kisha akaiongezea anwani mpya. Sasa anwani hiyo ikawa kimya. Ilipokuwa si ya mtu ilijibu. Ilipopata mwenyewe, haikujibu.

"Dada." Sauti ya Chiriku ilikuwa imeshuka. "Humu kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Simwoni. Yuko nyuma ya pampu. Anauliza nani anamtoa kwake."

"Toka humo."

"Kadi haifungui."

Akauamuru mlango ufunguke. Kompyuta ikasema umefunguka. Chiriku akasema, kwa mnong'ono, kwamba haujafunguka, na kwamba yule mtu sasa anahema.

Hapo ndipo meneja alipoingia. "Bado hicho kimoja tu?"

"Bosi, tusimame. Anwani mpya haijibu, na mdogo wangu kafungiwa ndani."

"Futa ya zamani, mpya itashika yenyewe. Wakubwa wananisubiri."

"Nikifuta sina njia ya kuingia. Sitaweza hata kumfungulia."

"Kila siku una sababu wewe." Akanyoosha mkono juu ya bega lake, akaandika amri mwenyewe, akabonyeza.

Skrini ikaganda.

Ikabaki simu tu, na Bi Waya akaikandamiza sikioni akimwambia mdogo wake avumilie kidogo, ruta itajiwasha yenyewe, mlango utafunguka, huku akisikia maji yakitembea ndani ya mabomba ambayo pampu zake zilikuwa zimezimwa, na juu ya maji hayo sauti ya Chiriku ikiomba radhi kwa mtu, ikisema hatukujua, bwana, hatukujua kama pana mwenyewe, kisha ikimwita mama yao kama alivyokuwa akimwita utotoni alipoumwa, kisha ikiacha maneno na kuwa mlio tu, mwembamba, unaovutwa taratibu kama uzi unaotolewa kwenye nguo, mpaka uzi ukaisha.

Meneja alikuwa dirishani akiongea na simu yake.

Ruta ikajiwasha. Anwani ya zamani ikarudi, mlango ukafunguka kwa mlio mdogo, na Bi Waya akaita, akaita tena.

"Nipo, dada," ikajibu sauti ya Chiriku, tulivu, bila haraka. "Sasa futa tu. Nimeshahama."

Bi Waya akaipa ruta anwani mpya tena, na safari hii ikajibu. Meneja akampiga begani. "Si unaona? Ulikuwa unajitisha bure."

Jioni Chiriku alirudi nyumbani kwa mama yao. Hakutania mtu. Alipita chumba baada ya chumba akigusa kuta kwa kiganja, kama anayepima nyumba kabla ya kulipa kodi, na kila alipopita ilibaki harufu ya nywele zilizoungua. Mama aliulizwa na majirani, akasema mwanawe kachoka. Lakini alipomwona amekaa kitandani saa nzima bila kupepesa macho, alikubali mganga aitwe.

Mganga akaweka mkono kifuani pa Chiriku, akauondoa upesi. Akawavuta mama na binti ukumbini.

"Kumtoa naweza," alisema kwa sauti ya chini. "Hata sasa hivi. Lakini mwenye mwili hayumo tena. Nikimtoa huyu, andaeni sanda."

Bi Waya akasema, "Mtoe."

"Nyamaza wewe," mama alisema bila kumtazama. Akamgeukia mganga. "Sauti ni ya mwanangu?"

"Ni yake."

"Basi mwache alipo."

Akarudi chumbani, akaketi kando ya kitanda, akakilaza kichwa kile begani kwake. "Niite, mwanangu."

"Mama."

"Tena."

"Mama," kikaita kile kitu, kwa upole, kila mama alipoomba, huku kikimtazama Bi Waya aliyesimama mlangoni, kikitabasamu.