Salamu za Jumapili kwa Celeste

—Vere, njoo haraka, salamu zinaanza!

Anaclet ameshakaa kwenye kochi, sahani ya fufu mapajani, ufunguo wa mlango unaning'inia shingoni kama kawaida. Kila Jumapili mchana ile chaneli ya Kireno ya watu walio ughaibuni huonyesha salamu. Mtu anajirekodi kwa simu, anatuma, anamsalimia mpendwa wake aliye nchi nyingine.

Anaclet ni Mwangola aliyekulia Lubumbashi, fundi wa madishi. Jengo letu hapa Sydenham, Durban, karibu kila dishi kafunga yeye, hata la jirani yetu Mama Clementina, Mmsumbiji.

Mimi alinitoa Bukoba kwa ahadi ya ndoa. Tangu nifike, akienda kazini ananifungia kwa nje.

—Leo una furaha, nikamwambia.

—Ni kwetu kule, chérie. Wewe hausikii kitu, angalia tu picha.

Nikakaa. Moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni.

Jumapili iliyopita akiwa kazini, nilimwona mwanamke kwenye TV hiyo hiyo, amepakata watoto wawili. Nyuma yake picha ya harusi. Bwana harusi ni Anaclet.

"Mimi Celeste wa Benguela. Namsalimia mume wangu Anaclet, fundi wa madishi huko Durban. Krismasi urudi, watoto wanakuulizia."

Nililia, nikanawa uso, nikapika. Usiku alipolala, nilichukua simu yake nikajifungia nayo bafuni.

Sasa mara, sura yangu hiyo kwenye TV! Nimefunga kilemba cha njano, naongea Kireno changu cha kuungaunga:

"Dada Celeste, mimi Verediana, Durban. Mumeo mzima, anakula vizuri. Anaishi na mimi. Akitoka ananifungia mlango. Nisamehe, sikujua ana mke."

Tonge likamdondoka.

—We! Kireno umejua tangu lini?

Kabla sijajibu, simu yake ikaita. Jina: MTEJA MORNINGSIDE. Mteja huyo hupiga kila jioni, na Anaclet humwita amor, mpenzi.

—Pokea, mteja wako huyo.

—Vere, tafadhali...

Nikapokea mimi, nikaweka spika.

—Anaclet! Alikuwa Celeste, akipaza sauti kwa Kireno. Huyo binti yuko hapo?

—Mpenzi, ni uongo, ni...

—Mfungulie mlango. Kwanza mlango. Mimi na wewe baadaye.

Hapo hapo mlango ukagongwa, ngo ngo ngo!

—Anaclet, fungua! akaita Mama Clementina, nyuma yake sauti za jengo zima. Dishi uliyotufungia iko inashika vizuri sana, tumeona yote!

Anaclet akanisogelea, akashusha sauti.

—Ukitoka bila karatasi, polisi itakukamata. Hauna mtu hapa.

—Hao wanaogonga ni nani?

—Vere, mimi nakupenda.

—Basi fungua, tuone kama utanipenda mlango ukiwa wazi.

Akaivua kamba ya ufunguo shingoni. Akafungua.

Nikatoka pekupeku. Viatu vyangu vilikuwa kwenye gari lake, alivificha huko tangu nilipofika. Mama Clementina akavua ndala zake akanivisha.

—Eish, binti yangu! Kireno hicho umekisomea wapi?

—Humo humo alimonifungia, mama. Akiondoka, aliniachia TV inawaka.