Pumzi ya Irvin Ukutani

Mniwie radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu, maana panapotakiwa kutetemeka mimi hucheka, na panapotakiwa kucheka meno hunigongana.

Ilianza na sketi. Asubuhi moja kabla ya geti la bustani ya burudani kufunguliwa, Elda Hottenstein alikuwa akipiga deki ujia wa Nyumba ya Vicheko, upepo ukafyatuka kwenye tundu la sakafu, sketi ikampanda mpaka masikioni.

"Wilmer, zima mashine."

"Imezimwa, mke wangu," mumewe alijibu kutoka mlangoni. "Hata mkanda wa mashine nimeuvua."

"Basi nani kanipulizia?"

Wilmer, mpiga debe wa nyumba ile, aliingia akanusa hewa. Ujia ulikuwa unanuka tumbaku ya kutafuna.

Baba yake Elda aliijenga nyumba ile mwaka 1908, pale reli ya tramu ya kutoka mji wa Reading ilipoishia, ili watu wapate sababu ya kupanda tramu Jumapili. Ilikuwa na pipa linalozunguka, vioo vya kupotosha sura na mteremko wa mbao. Nyuma ya ukuta, penye tundu la kuchungulia, aliketi Irvin Zettlemoyer, tumbaku shavuni, mkono kwenye wenzo wa hewa, akipeperusha sketi za mabinti na kofia za wazee wa kanisa. Maisha yake yote yaliishia kwenye kiti kile. Walimzika mwezi wa tano, na taya ilibidi wamfunge kitambaa, maana alikufa amekenua.

Sasa pipa likawa linazunguka lenyewe. Msichana wa kiwanda cha soksi akatolewa kwenye vioo analia, nywele zimeganda barafu katikati ya kiangazi, akisema kuna mtu alimhemea sikioni. Mwenye bustani akasema: "Akilia mwingine, Jumatatu naleta nyundo kuibomoa."

"Ailete," Elda alimwambia mumewe. "Baba yangu alijenga hapa kwa mikono yake. Sifukuzwi na maiti niliyemvisha soksi mwenyewe."

Wakamwita Bibi Salome Rauch, mganga wa kunong'oneza aya na kufunga uzi mwekundu. Kwa watu wa huko kila mtoto anajua: mganga wa namna hiyo hashukuriwi. Ukimshukuru, umeifuta kazi yake.

Wakaingia, bibi mbele, na kadiri walivyosonga baridi ilizidi, na vioo vikawaonyesha wanne ilhali wao ni watatu, na yule wa nne hakuwa na uso bali meno tu, na nyayo zikawafuata zikisimama kila waliposimama, mpaka Wilmer, mchekeshaji wa wilaya nzima, akajikuta kashika aproni ya mkewe kama mtoto.

"Yupo kwenye kiti," Bibi Salome alinong'ona. "Mwenye nyumba amwambie."

"Irvin," Elda alisema, kidevu juu. "Kiti ni cha baba. Toka."

Bibi akanong'ona mara tatu, akafunga uzi kwenye wenzo. Ukuta ukashusha pumzi ndefu. Harufu ikaisha. Bibi akachukua kikapu chake akatoka bila kuaga.

Jumamosi watu wakajaa. Wilmer akapanda kwenye sanduku lake, furaha imemjaa kifuani.

"Karibuni! Ndani ni salama kama kanisani, na shukrani zote kwa Bibi Salome wetu..."

Elda alimziba mdomo kwa kiganja. Alichelewa.

Ukuta ulikohoa. Kofia za foleni nzima zikapaa, na mtu akacheka ndani, cheko la meno bila koo. Watu wakaanza kurudi nyuma.

Elda akakunja mikono ya blauzi, akaingia peke yake. Nje wakamsikia waziwazi: "Sogea huko, Irvin. Tunapuliza sote." Kiti kikalia kama kimekaliwa na wawili. Kijana mmoja akacheka, akanunua tiketi. Nyuma yake wakafuata wengine, na Jumatatu nyundo haikuonekana.

Baadaye jirani alimuuliza Wilmer kama yule bibi alishindwa kazi.

"Bibi hakushindwa," alisema. "Pepo wa ndani alimtoa vizuri kabisa. Alimsahau huyu wa mlangoni, anayelipwa kupiga kelele."