Tanuri Lilifunguliwa Mapema

Kila asubuhi Kifungo hukata vioo kwenye meza ya jikoni. Jina hilo alibandikwa utotoni kwa sababu ya udogo wake. Dada yake mkubwa huvichoma vipande hivyo katika tanuri la umeme, chumba cha nyuma. Vikiyeyuka na kushikana, huwa vidani.

Siku moja mteja wao, mwalimu wa jirani, aliingia bila hodi. Alishika leso shingoni. Leso ilikuwa na damu.

"Kidani chenu kimepasuka nikiwa darasani!" alifoka. "Sikukigonga, sikukiangusha. Mnauza mapambo au nyembe?"

Akakitupa mezani, akaondoka.

Dada mkubwa alimgeukia Kifungo. "Ni wewe! Ulikiangusha ukanificha."

"Sikukiangusha!"

"Mwongo mkubwa!"

Damu ilimchemka Kifungo. Kazi wanafanya wawili, lawama anabeba peke yake! Alizoa vile vipande, akabamiza mlango, akaenda kwa shangazi yao, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha chupa.

Shangazi alisikiliza kisa chote, akavitazama vipande kwenye mwanga. Uso ukamkunjamana. "Twende," alisema.

Walimkuta dada mkubwa amefungua tanuri kidogo, anachungulia.

"Shikamoo, shangazi."

"Funga hilo tanuri!"

"Naangalia tu kama vimepoa."

"Na kile kilichomkata mwalimu, ulikiangalia hivyo hivyo?"

Dada mkubwa alitazama chini. "Vyote huwa naviangalia."

"Ndiyo maana! Kioo cha moto kikipigwa na baridi, nje kinasinyaa upesi, ndani bado. Kinajivuta. Leo unakiona kizima, kesho kinapasuka shingoni mwa mtu. Vipande vikishashikana, punguza moto mpaka kioo kigande, lakini kibaki na joto kali. Kiache hapo kitulie. Kisha punguza polepole. Mlango usiguswe mpaka tanuri lipoe kabisa."

"Umesikia?" Kifungo alimkejeli dada yake.

"Wewe nawe nyamaza," shangazi alimkata kauli. "Katika vipande hivi kuna kioo cha chupa na cha dirisha. Nani alivichanganya?"

Kifungo aliinua mkono. "Mimi. Rangi zilipendeza."

"Kila aina ya kioo ina kusinyaa kwake. Ukiunganisha aina mbili, zinavutana mpaka zivunjike, hata upoze kwa uangalifu gani. Kidani kimoja, chupa moja!"

Walivitupa vidani vyote vilivyobaki. Wakazunguka kwa wateja kukusanya vya zamani. Wengine waliwatukana.

Kisha walichoma vipya, vyote kutoka chupa moja ya kijani. Dada mkubwa hakugusa mlango mpaka tanuri lilipokuwa baridi. Vilitoka vizima, vinang'aa. Walivaa wenyewe kwanza, siku baada ya siku. Hakuna kilichopasuka. Ndipo dada mkubwa akampelekea mwalimu kimoja na kumwomba radhi.

Aliporudi, Kifungo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Mwalimu umemwomba radhi. Mimi uliniita mwongo."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikulaumu kabla ya kujua."

"Usirudie tena," Kifungo alisema, bado amenuna. Kisha akampisha aingie.