Chungu cha Idi

"Ukivunja, umenunua!"

Sauti hiyo ilimfikia Ashrafu akiwa tayari yuko chini. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na udongo mwekundu wa soko la Karatu uliteleza kama sabuni. Dereva wa watalii, bwana, shati jeupe, viatu vya kung'aa, akaruka dimbwi kwa mbwembwe na kuangukia makalio katikati ya vyungu vya watu. Ila kimoja alikuwa amekidaka. Alikiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, kizima.

"Sijavunja, dada! Tazama!"

"Kaa hivyo hivyo, kaka. Umependeza," akasema mwenye vyungu, na wauza vitunguu wa pembeni wakaangua kicheko.

Aliitwa Sikuzani, mfinyanzi kutoka Baray. Gambuti miguuni, dera la zambarau limepandishwa na kufungwa kiunoni kwa khanga, kilemba cha njano kichwani. Kila siku ya mnada alikuja na lori la vitunguu la jirani yake Sulemani. Huyo Sulemani aliambiwa mara moja tu kwamba vyungu havitaki kurushwarushwa, na tangu siku hiyo kila korongo alilipita polepole.

"Utanyanyuka, au nikuuze pamoja na hivi?"

"Niuze. Ila mnunuzi uwe wewe."

"Ee! Makubwa haya!"

Akacheka, na shavuni kikatokea kishimo. Ashrafu akasahau kwamba amekalia tope.

Mapenzi yakaanza hapo, yakahamia kwenye simu.

"Laazizi, niko ukingoni mwa kreta. Ukungu huu, hata kidole chako hukioni. Nikishuka chini, mtandao hakuna."

"Umevaa sweta?"

"Wewe ndiye sweta langu."

"Mwongo mkubwa! Nenda kwa wageni wako huko, wasije wakaliwa na simba."

Sikuzani akikata simu, alibaki akitabasamu peke yake kama mtu aliyepotewa na akili.

Mwezi wa Ramadhani ulipoanza, Ashrafu akaja na habari nzito. Mama yake, Bi Hanifa, muuza vitenge maarufu pale mjini, alikuwa amekubali kumwona Sikuzani. Bi Hanifa hakuwa mtu wa kukubali ovyo. Wasichana wawili walishapitishwa mbele yake, akawakataa wote.

"Siku ya Idi nitakufuata jioni," Ashrafu alisema. "Dada zake mama kutoka Arusha watakuwepo. Lakini tanguliza kitu, mpenzi. Mfinyangie chungu cha kupikia pilau. Akikipenda, na wewe umeshapita."

Kufinyanga masika ni kazi ya uvumilivu. Udongo haukauki, na chungu kikichomwa kibichi kinapasuka. Sikuzani alikiweka ndani karibu na meko, akawa anakigeuza kila siku kama mtoto mchanga. Yatima yule, aliyelelewa na shangazi, hakuwa na kingine cha kupeleka ukweni.

Siku ya kumkabidhi Ashrafu, alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia vizuri.

"Unasikia? Kizima hiki, hakina ufa. Sasa nisikilize, Ashrafu. Chungu kipya kina masharti yake. Mwambie mama..."

Akaeleza. Ashrafu alikuwa anatazama kishimo cha shavuni.

"Umesikia lakini?"

"Kila neno, habibi."

Mwongo wa mchana kweupe! Hakusikia hata moja.

Siku ya Idi, Bi Hanifa alikitoa chungu mbele ya dada zake, akakisifia, akakitia nyama na maji, akakiweka juu ya jiko la gesi, lile jipya alilonunuliwa na mwanawe. Akafungua moto mkubwa. Hazikupita dakika nyingi. Paa! Supu ikamwagika sakafuni, nyama ikatapakaa, dada zake wakarukia kando na mabaibui yao mapya.

"Huyu ndiye mkwe?" Bi Hanifa alisema, sauti inamtetemeka. "Ananiletea gae, niaibike mbele ya ndugu zangu?"

Ashrafu akatoka nje na simu.

"Sikuzani, umetuuzia kibovu."

"Sikukuuzia. Nilikupa. Kimefanyaje?"

"Kimepasuka! Mama analia mle ndani!"

"Ulimwambia masharti? Nijibu, Ashrafu. Ulimwambia?"

"Masharti gani? Mama yangu kaanza kupika hujazaliwa! Kama hutaki kuolewa ungesema tu, siyo kutudhalilisha."

Akakata. Hasira hasara, lakini nani angemwambia saa ile? Sikuzani akapiga, Ashrafu akaacha simu ikaita mpaka ikanyamaza. Kule Baray, msichana alikuwa ameshavaa dera jipya la Idi na hina imemkolea mikononi. Alikaa nalo kitandani, akimsubiri mtu ambaye hakuja.

Ashrafu alimkumbuka kila siku, na kila siku akakaza shingo. Sokoni hakukanyaga tena.

Masika mengine yakafika. Mgeni wake mmoja, mama wa kizungu wa makamo, akataka kuona soko. Ashrafu akatafuta visingizio, akakosa. Mgeni akaenda moja kwa moja kwenye vyungu.

"Karibuni," alisema Sikuzani. Alimtambua, ila sauti haikubadilika. "Kaka dereva, mwambie mgeni wako, chungu kipya kina masharti. Akilaze kwenye maji usiku kucha."

Ashrafu akatafsiri.

"Kesho yake apike uji mwepesi ndani yake, moto wa mkaa kidogo."

Akatafsiri.

"Na kikiwa kipya asikiweke kwenye gesi. Hata kiwe kizima namna gani, kitapasuka."

Ashrafu akamgeukia Sikuzani badala ya mgeni. Jiko lile la gesi alilinunua yeye, kwa pesa zake.

"Sikuzani..."

"Mwambie, kaka. Mgeni anasubiri."

Akamwambia. Mgeni akayarudia yote, moja baada ya jingine, akihesabu kwa vidole, hakuacha hata sharti moja.

"Umeona?" Sikuzani alisema. "Na lugha siyo yake."

"Nisamehe. Wallahi sikukusikia siku ile. Nilikuwa nakutazama."

"Najua ulikuwa unanitazama."

"Nitamweleza mama leo hii. Nitakufuata, tuanze upya."

"Mweleze, asiendelee kuniona tapeli. Ila kunifuata, usihangaike. Nimeshaposwa. Sulemani amepeleka mahari kwa shangazi."

"Unampenda?"

Sikuzani alikuwa anaviringisha chungu cha mgeni kwenye majani makavu.

"Ananisikiliza," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, naye hakuyaficha.

Ashrafu akanunua chungu, akarudi nacho nyumbani. Akakilaza kwenye maji. Asubuhi akawasha mkaa kidogo uani, akapika uji mwepesi, huku Bi Hanifa amesimama mlangoni akisikiliza mwanawe anavyoeleza. Chungu hakikupasuka.

Mama akaonja, akakaa chini, uso umemshuka.

"Kumbe tulimwonea mtoto wa watu! Basi twende Baray, mwanangu, nikamwombe radhi mwenyewe, tumlete."

"Ameposwa, mama."

"Yaa Rabi. Nimekukosesha mke."

"Siyo wewe, mama," alisema Ashrafu, akimmiminia uji. "Wewe hukuambiwa. Mimi niliambiwa."